Je, ni kosa kuandika "kushiriki taarifa"? Asili ya neno shiriki na mahali pake katika kupashana habari

"Mwalimu, pokea salamu zangu. Mimi ni katibu wa chama cha ushirika wa akiba na mikopo cha wenye matatu hapa Nairobi. Juzi nilibandika notisi afisini na kuituma pia katika kundi letu la WhatsApp. Ilianza hivi: 'Wanachama wapendwa, naomba kushiriki nanyi taarifa kuhusu viwango vipya vya mikopo.' Mzee mmoja wa Majengo, Pumwani, ambaye sote tunamheshimu kwa Kiswahili chake, alinivuta kando akaniambia kwamba Kiswahili hakisemwi hivyo, na kwamba neno hilo ni ndugu wa shirki, yaani kumfanyia Mungu washirika, kwa hiyo halifai kuchezewa. Kijana tunayefanya kazi naye akasema mzee amekosea, kwamba shiriki limetolewa katika neno la Kiingereza share na ndiyo maana liko kwenye kila simu. Nani amesema kweli? Na notisi yangu niiandikeje? Nisingependa kumvunjia mzee heshima, wala sitaki kuandika Kiswahili cha kuchekwa."

Katibu, nimefurahi kwamba umeuliza kabla ya kuibandua notisi hiyo, kwa sababu swali lako ni kubwa kuliko linavyoonekana. Unataka kujua neno shiriki limetoka wapi, kama lina dhambi yoyote ndani yake, na kama sentensi uliyoiandika ni Kiswahili cha kawaida. Neno ni halali na ni la zamani katika lugha yetu. Halikutoka katika Kiingereza, na halina doa lolote linapotumiwa kwa mambo ya wanadamu. Hata hivyo, mzee wako hakukosea alipoisikia sentensi yako kama kitu kigeni. Kilichokopwa ni mpangilio wa maneno uliowekwa kulizunguka neno hilo, wala si neno lenyewe, na hapo ndipo ninapotaka tukae zaidi.

Tuanze na dai la kijana, kwa kuwa ndilo jepesi kulijibu. Ni kweli kwamba share na shiriki yanaanza kwa sauti moja na kwamba yote mawili yana sauti ya "r" ndani yake, lakini kufanana kwa sauti hakuthibitishi ujamaa. Neno la Kiingereza ni la jamii ya lugha za Kijerumani, na kale lilihusu kukata na kugawanya. Ni ndugu wa neno linalotumiwa katika lugha hiyo kwa kukata manyoya ya kondoo. Shiriki nalo ni la Kiarabu, kutoka mzizi wa konsonanti tatu, sh, r na k, wenye maana ya kuwa na sehemu katika jambo pamoja na mwingine. Ushahidi mwingine uko mitaani mwetu wenyewe. Vijana wa Nairobi wanapolichukua neno la Kiingereza moja kwa moja husema "kushare", wakilibandika kiambishi cha Kiswahili mbele na kuliacha bila kuligusa kwingineko. Hakuna njia ya sauti ambayo ingeweza kulifikisha kutoka hapo hadi shiriki, kwa sababu ile "k" ya shiriki haina pa kutokea katika neno la Kiingereza.

Umbo la kitenzi nalo linatoa dalili. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia kwa irabu "a": soma, leta, pata, ambia. Vile tulivyovipokea kutoka Kiarabu huishia mara nyingi kwa "i", "u" au "e": fikiri, arifu, samehe, hubiri, shiriki. Tofauti hiyo huonekana hata tunapokanusha, kwa maana leta hugeuka "sileti", lakini shiriki hubaki "sishiriki" bila kubadilika mwishoni. Kiswahili pia hakipendi konsonanti mbili zisongamane katikati au mwishoni mwa neno, kwa hiyo huziachanisha kwa irabu. Ndivyo hukm ilivyokuwa hukumu, na ushr, yaani sehemu ya kumi, ilivyokuwa ushuru. Shirk ilipopita katika mlango huohuo ilitoka ikiwa shiriki.

Sasa nije kwa mzee, ambaye hoja yake inastahili kusikilizwa kwa makini zaidi. Ni kweli tupu kwamba shiriki na shirki ni maneno ya mzizi mmoja. Katika mafundisho ya Uislamu, shirki ni kumfanyia Mwenyezi Mungu mshirika, na hakuna dhambi iliyo nzito kuliko hiyo. Kutokana na neno la Kiarabu la wale wanaofanya hivyo, mushrikina, Kiswahili kilipata mshirikina na ushirikina, ambayo katika mazungumzo ya leo yamepanuka hadi kumaanisha imani za uganga na uchawi. Mtu aliyelelewa katika madrasa tangu utotoni akisikia mzizi huo ukitajwa ovyo ovyo, moyo wake lazima ushtuke, na mshtuko huo ni wa heshima.

Lakini kosa analolikataa mzee haliko katika tendo la kushiriki; liko katika nani anayefanywa mshirika wa nani. Mwanadamu kumshirikisha mwanadamu mwenzake ni jambo ambalo Kurani yenyewe inalitaja kwa wema, na kwa mzizi huohuo. Katika sura ya Twaha, Nabii Musa anapotumwa kwa Firauni, anamwomba Mola wake ampe msaidizi katika jamaa zake, Haruni nduguye, amtie nguvu kwa huyo, na katika aya ya 32 anaomba nduguye ashirikishwe katika jambo lake. Jambo lenyewe lilikuwa ni kupeleka ujumbe. Sijui mfano ulio karibu zaidi na shughuli yako ya ukatibu kuliko huo. Tena kuna hadithi ya Mtume isemayo kwamba Waislamu ni washirika katika mambo matatu: maji, malisho na moto.

Kama mzee bado ana shaka, mwelekeze kwa upole atazame jina la chama chenu. Mnajiita chama cha ushirika, na ushirika ni mtoto wa shiriki. Shirika ni mtoto wake mwingine, na shirikisho vilevile. Benki zinazofuata sharia hapa jijini huwapa wateja mkataba uitwao musharaka, ambamo benki na mteja hutia mtaji pamoja, faida hugawanywa kwa kiwango walichokubaliana, na hasara humfika kila mmoja kwa kadiri ya mtaji wake. Nalo ni neno la mzizi huohuo. Wanachama wenu Wakristo nao wanalijua kwa njia yao, kwa kuwa Biblia ya Kiswahili hutumia ushirika kwa ule umoja wa waumini wa kwanza na kwa kikombe na mkate wa meza ya Bwana. Neno lililokubaliwa msikitini, kanisani na katika sajili ya vyama haliwezi kuwa neno chafu.

Basi kwa nini sikio la mzee liliikataa sentensi yako? Ni kwa sababu ya kazi ambayo kitenzi hiki kimezoea kuifanya. Katika Kiswahili, anayeshiriki ni mtu anayeingia katika jambo na kupata sehemu yake humo. Tunashiriki uchaguzi, tunashiriki mazishi, tunashiriki chakula. Watu wanaokula katika sinia moja wote ni washiriki wa chakula hicho, na hakuna kati yao anayesemwa kuwa "amewashirikia" wenzake. Jambo liko pale, na watu wanaliingia. Kitenzi hakisemi lolote kuhusu kitu kutoka kwangu na kufika kwako.

Isome tena sentensi yako kwa sikio la mtu aliyezaliwa ndani ya lugha hii. "Naomba kushiriki nanyi taarifa" inasema kwamba wewe na wanachama wako mtaipata taarifa hiyo kwa pamoja, mkiwa washiriki sawa mbele yake, kana kwamba inatoka mahali pengine. Hukukusudia hivyo. Wewe tayari unaijua taarifa, wao hawaijui, nawe unataka iwafikie. Mwelekeo huo, kutoka kwa ajuaye kwenda kwa asiyejua, ndio uliopotea. Msomaji wa Nairobi atakuelewa, kwa sababu anakijua Kiingereza kilicho chini ya sentensi na anakisoma kupitia Kiswahili chako. Msomaji asiyekijua atasimama kidogo, ajiulize ni nani anayemwambia nani.

Hapa kijana wako aligusa kweli bila kujua. Kiingereza kina neno moja, share, ambalo limebeba mizigo mingi. Ni fungu la kitu kilichogawanywa. Ni hisa, kama zile ambazo mwanachama wenu hununua ili akubaliwe kukopa, au kama zile zinazouzwa katika Soko la Hisa la Nairobi tangu 1954. Ni kugawana, ni kutumia kitu pamoja, na katika siku za karibuni zaidi ni kusimulia au kutuma ujumbe. Kiswahili kiliigawa kazi hiyo zamani kwa maneno mbalimbali, na kila moja lina mahali pake. Mfasiri mwenye haraka hulitafuta neno hilo la Kiingereza katika kamusi, akaliona shiriki likiwa la kwanza au la pili, akaliweka kila mahali. Hivyo ndivyo lilivyoingia katika vitufe vya simu, kisha likatoka humo likaingia katika notisi zetu.

Angalia kwamba hakuna aliyewahi kujaribu kusema "naomba kugawa nanyi taarifa", ingawa kugawa ndiko kulikokuwa karibu zaidi na asili ya neno la Kiingereza. Lugha ilikataa, na ina sababu. Kinachogawanywa hupungua: ukigawa mkate, fungu lako linakuwa dogo. Habari haipungui kwa kutolewa. Nikikuambia ninachokijua, nabaki nacho chote, nawe unakuwa nacho chote. Kwa ajili hiyo Kiswahili kilitafuta vitenzi vya kufikisha, vya kujulisha na vya kueneza, na havikuwa vya kugawa. Nakuomba uvitazame vitenzi hivyo kwa utulivu, kwa kuwa ndimo lilimo jibu la swali lako la mwisho.

Ninachokipenda kuliko vyote ni pasha, na naona uchungu kwamba maafisini kinaanza kusahaulika. Ni kitenzi cha Kibantu kilichozaliwa na pata. Katika vitenzi kadhaa vyetu vya kale, "t" ya mwisho wa shina inapokutana na kiambishi cha kusababisha hugeuka "sh": pita huzaa pisha, yaani fanya apite, na pata huzaa pasha, yaani fanya apate. Ndiyo maana twasema kupasha chakula moto, kukifanya kipate moto, na kumpasha mtu habari, kumfanya azipate habari. Ndani ya neno hilo dogo mna mtoaji, mna mpokeaji, na mna hakika kwamba kitu kimefika. Likitiwa kiambishi cha kutendana linakuwa pashana, na hapo tunapata kile ambacho Kiingereza hukitafuta kinaposema share kwa maana ya watu kuelezana: kupashana habari, mimi kwako na wewe kwangu. Vyombo vya habari navyo viliitwa kwa muda mrefu vyombo vya kupashana habari. Tahadhari yangu ni moja tu: usiliache peke yake bila "habari" au "taarifa", kwa maana kumpasha mtu, bila kutaja ni nini, ni kumwambia maneno makali ya kumchoma.

Habari yenyewe ni ya Kiarabu, khabar, na sauti ile ya kooni imelainika ikawa "h" tu katika vinywa vya wengi wetu. Ndugu yake ni hubiri, ambalo leo tunalihusisha na mimbari lakini ambalo mzizi wake ni kutoa habari.

Taarifa ilitoka kwenye mzizi mwingine, ule wa kujua, uliotupa pia maarifa na maarufu. Kutokana na mzizi huo tuna kitenzi arifu, na hiki ndicho kitenzi cha notisi. Kinampokea mtu moja kwa moja, "nawaarifu", na kinaweza kusimama katika hali ya kutendwa bila kutaja aliyetangaza, "mnaarifiwa", jambo linalofaa pale ambapo afisi ndiyo inayosema na mtu binafsi hasemi. Kwa kuwa notisi yako inahusu viwango, nitaongeza jambo litakalokupendeza: neno ambalo Kiingereza hulitumia kwa orodha ya ushuru na bei, tariff, lilitoka katika neno hilohilo la Kiarabu lililotupa taarifa, likapitia Kiitaliano. Wafanyabiashara wa Bahari ya Kati walilifahamu kama tangazo la bei, na wa Bahari ya Hindi wakalifahamu kama tangazo la jambo lolote. Wenye kusoma taarifa ya habari redioni wanayaweka pamoja maneno ya mizizi yote miwili, na hawakosei: habari ni kile kilichotokea, taarifa ni kule kujulishwa kwake rasmi.

Julisha na fahamisha hayahitaji maelezo mengi. Ni ya kawaida, ni ya upole, na hayana ukavu wa kiserikali ambao arifu huwa nao wakati mwingine. Tangaza ni la hadhara, la kusemwa mbele ya wengi.

Sambaza linahitaji neno la ziada kwa sababu ya mahali tulipo. Maana yake ya msingi ni kufanya kitu kienee huku na huku, na katika mambo ya ujumbe ni kitenzi kizuri sana cha kumwomba mtu apeleke mbele kile alichokipokea: "tafadhali sambaza tangazo hili kwa madereva wote". Lakini tangu Safaricom ilipoiita Sambaza huduma yake ya kutumiana salio, Mkenya akisikia "nisambazie" anafikiria simu yake inayohitaji salio. Hilo si kosa la lugha. Ni maana mpya iliyokaa kando ya ile ya zamani. Katika notisi, taja kinachosambazwa na kwa nani, nawe utakuwa salama.

Nimeliacha shirikisha mwisho kwa makusudi. Hili ni shiriki lililotiwa kiambishi cha kusababisha: kumfanya mtu awe mshiriki. Kiswahili kimelitumia tangu zamani kwa kumweleza mtu jambo lako ili alibebe pamoja nawe, atoe shauri, aseme neno. Mtu husema, "Nimemshirikisha mjomba suala la shamba." Mjomba hakupewa habari tu, ameingizwa katika suala, na kesho akiulizwa ana haki ya kusema lake. Kwa hiyo, ukiandika "naomba kuwashirikisha", sarufi yako itakuwa imenyooka kuliko "kushiriki nanyi", na hata mzee wako hatakuwa na la kukosoa upande wa lugha. Swali linalobaki ni kama ulichokiahidi kwa neno hilo ndicho utakachokitoa.

Hili ndilo jambo linalonigusa zaidi katika swali lako, na niruhusu nilisisitize. Katiba yetu ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika Kifungu cha 10 kuwa mojawapo ya maadili ya kitaifa, na katika Kifungu cha 118 inalitaka Bunge liushirikishe umma katika kazi zake. Kifungu cha 35 kinaeleza jambo tofauti: haki ya raia kupata habari iliyo mikononi mwa Serikali. Mambo hayo mawili yamewekwa mbali kwa sababu si kitu kimoja. Mtu anaweza kuarifiwa kila kitu na asishirikishwe katika lolote. Mahakama zetu zimewahi kutengua sheria kwa sababu umma haukushirikishwa ipasavyo. Katika chama kidogo chenye magari machache uzito ni uleule kwa kadiri yake. Ikiwa halmashauri imekwisha kuamua viwango vipya na hakuna kitakachobadilika, basi neno "kuwashirikisha" linawapa wanachama tumaini ambalo hamna nia ya kulitimiza, na watakapogundua hawatalaumu kamusi. Watakulaumu wewe uliyetia saini.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika, jiulize unataka wanachama wafanye nini baada ya kusoma. Kama uamuzi umekwisha kupitishwa kwa njia inayoruhusiwa na sheria ndogo zenu, andika: "Wanachama wote mnaarifiwa kwamba viwango vipya vya mikopo vitaanza kutumika tarehe fulani, kama ifuatavyo." Kama unapendelea sauti ya upole zaidi, "Halmashauri inapenda kuwajulisha" inatosha kabisa. Kama viwango bado ni mapendekezo, andika: "Halmashauri inapenda kuwashirikisha wanachama katika kujadili viwango vipya vya mikopo, na inawaomba walete maoni yao kabla ya mkutano mkuu." Hapo "katika" inataja jambo ambalo wanachama wanaingizwa humo, nao wanajua kwamba mlango uko wazi. Katika kundi la WhatsApp, ambako notisi ndefu huchosha, "Ndugu wanachama, napenda kuwapasha habari kuhusu viwango vipya vya mikopo" ni Kiswahili safi ambacho hata mzee wa Majengo atakitambua kuwa ni chake.

Kuhusu vitufe vya simu, sioni faida ya kugombana navyo. Shiriki kama jina la kitufe limezoeleka, mamilioni wanalibofya kila siku, na lugha hai huwa na pembe za namna hiyo ambamo neno hupata maana ya kiufundi. Baada ya kizazi kimoja huenda "kushiriki picha" kukawa kwa kawaida kabisa, nami sitawaita wanaosema hivyo wajinga. Ninachokiomba ni kwamba maana hiyo isitoke kwenye kioo cha simu na kuzifukuza pasha, arifu na julisha katika barua, notisi na hotuba, ambako bado zinafanya kazi kwa usahihi ambao shiriki haliwezi kuufikia.

Kuna mahali pamoja ambapo sitaki utegemee jibu langu peke yake. Vyama vingi vya akiba huwa na fomu ambayo mwanachama hutia saini kukubali habari zake binafsi zipelekwe kwingine, na nimeona fomu za aina hiyo zikisema, "Nakubali taarifa zangu zishirikiwe." Sentensi hiyo haisemi nani atampa nani, wala zipi, wala kwa sababu gani, na umbo la kutendwa linaificha kabisa sura ya mtoaji. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka mwenye habari ajue mambo hayo kabla ya kukubali, na Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha yake. Fomu inayoeleweka ingesema waziwazi kwamba chama kitampa mdhamini, au shirika la kukadiria mikopo, kiasi cha deni na tarehe za malipo, na si zaidi ya hapo. Vivyo hivyo kwa orodha ya wanaodaiwa: kuibandika katika kundi la WhatsApp si kupashana habari, ni kufichua, na jina hilo lina matokeo yake kisheria.

Kama fomu zenu zina maneno hayo, au kama notisi ya viwango itabadilisha masharti ya mikopo iliyokwisha kutolewa, usimalize kwa kubadilisha kitenzi. Chukua rasimu, sheria ndogo za chama na kumbukumbu za mkutano uliopitisha uamuzi, uzipeleke kwa afisa wa ushirika wa kaunti au kwa wakili, na kwa yale ya faragha uulize katika Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data. Kwa ya lugha tu, Idara ya Kiswahili katika Chuo Kikuu cha Nairobi ina walimu waliozoea maswali ya namna hii, na nakala ya Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyokaa afisini mwenu itakusaidia siku ambazo huna wa kumuuliza. Mwombe mzee naye aisome rasimu kabla hujaibandika; yeye ndiye aliyelisikia tatizo kwanza, na jicho lake litakufaa katika notisi zijazo.